Miti Isiyotakiwa Kurefuka

Edah alirudi nyumbani Wheaton, Marekani, asubuhi kutoka kazi yake ya kutunza wazee, hata viatu hakuvua. Siku hiyo mamake, Waringa, alikuwa anafukuzwa msituni kule Kenya. Lori la askari wa msitu lilikuwa limeshafika kwa jirani.

Lakini mfa maji hukamata maji. Shiku, bintiye Edah, alikuwa karani katika ofisi moja ya Washington inayotoa pesa za kupanda miti katika msitu huo, na bosi wake, Ethan, alikubali kumwona Waringa kwenye simu ya video. Neno lake moja lingesimamisha lori lile.

"Mama, tafadhali," Edah alimsihi, Shiku akiwa ameketi kando yake. "Mwonyeshe mgeni kazi ya mikono yako."

"Nitamwonyesha. Lakini mbona amekonda hivyo, hana mke?"

Shiku akatafsiri kwamba Shosho, nyanya yake, anamsalimu sana.

Sasa, msitu ule una kanuni yake. Mkulima hupewa kipande apande miche ya serikali, katikati yake alime viazi. Miti ikirefuka ikafunika jua, anahama. Lakini sasa serikali ilikuwa imeamua kuwahamisha wakulima wote, na Waringa hakuwa na pa kuhamia.

Ethan akauliza miche inaendeleaje.

"Inakua kwa adabu," Waringa alijibu. Akainama, akang'oa mmoja, akausogeza mbele ya simu. Mzizi ulikuwa umepinda kama ndoana. "Tunaukunja hivi tukipanda. Haufi, lakini haurefuki. Ukirefuka mimi nitalala wapi? Mwambie, Shiku, aelewe shida yetu."

Shiku akageuka kumtazama mamake.

"Mwambie ni ukame!" Edah alinong'ona, akimfinya mkono. "Mwambie ni mchwa!"

"Mum, ameuona kwa macho yake."

Kweli, Ethan hakungoja tafsiri. Aliutazama mzizi ule, kisha akasema kwa upole kwamba ofisi yake haiwezi kuwatetea watu wanaoidumaza miti yake. Akaaga.

"Bosi! Ngoja, bosi!" Edah akapiga kelele, lakini uso wa Ethan ulikuwa umeshatoweka.

Akabaki Waringa peke yake, mche mkononi. Nyuma yake askari wawili walikuwa juu ya paa la nyumba yake, mabati yanalia yaking'olewa.

"Edah, mgeni wako amesemaje? Niwaambie hawa vijana washuke?"

Edah akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mama, toa blanketi kwanza," akasema. "Blanketi na sufuria. Haraka, mama."