Mizinga Arobaini na Mmoja

Umewahi kufutwa ukiwa hai, umesimama, na moshi wa kufukizia nyuki ungali unanuka kwenye kitenge chako?

Mimi nilifutwa hapa Usinge, Jumanne, ofisini kwa chama chetu cha wafuga nyuki. Karani alinigeuzia simu nisome daftari la mizinga, siku hizi liko humo. Mizinga yangu arobaini na mmoja, ya magome niliyoyabandua kwa mikono hii, ilikuwa ya Shigela. Shigela ni mdogo wa marehemu mume wangu. Mtini hajapanda hata siku moja; nyuki akitua kwenye soda yake, anaiacha soda.

Hasira yangu haina kelele. Huiva taratibu, kama maharage ya mwaka jana.

Kumbe ilitosha simu moja. Kijana wa Tabora mjini aliyetutengenezea daftari hilo la simu, jina lake Fikiri, alijivunia wepesi: ukimpigia asubuhi, jioni amekwisha badilisha. Shigela alimpigia, akamwambia mizinga ya wajane iandikwe kwa wanaume wa ukoo. Fikiri akabadilisha, pengine chai yake haijapoa. Mimi nilikuwa msituni siku ya tatu, nalala chini ya mizinga hiyo hiyo.

Kikao kikaitwa, Fikiri na Shigela nao wakaja. Mwenyekiti, mzee Wenceslaus, akasema wepesi umetuponza. Tangu leo kila badiliko liwe na fomu, mihuri miwili, na kamati inayokaa kila miezi mitatu. Fikiri akabisha, akatetea wepesi wake, lakini mikono ikanyooshwa, wangu pia. Nikawa wa kwanza kujaza fomu, nirudishiwe mizinga yangu, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, herufi moja moja. Mzee akaigonga muhuri, akasema kamati itakaa Septemba.

Na kurina asali kunaanza Juni hii hii; hadi Septemba, asali yote ni ya Shigela.

"Mama Leonia, wewe tunakujua ni mvumilivu," akasema.

Shigela akacheka. "Shemeji, kwani nyuki wanasoma majina?"

Fikiri akainama sikioni kwangu. "Bibi, nikurudishie sasa hivi? Hakuna atakayejua."

Hapo ndipo nilipoinuka. Magoti yalilia, nikayaacha yalie.

"Wewe umenifuta kwa haraka, na sasa unataka kunirudisha kwa wizi. Wewe, mzee, unanizika polepole kwa mihuri. Mmebishana tangu asubuhi, badiliko liende mbio au liende kwa miguu, na mwenye mizinga nimekaa hapa hapa." Nikavuta pumzi. "Nilitaka kitu kimoja. Kabla ya kugusa mzinga wangu, mtu aje kwangu, apige hodi, aniulize."