Titi la Kushoto la Kusumlata

Kusumlata alikuwa amelala kwenye kitanda cha chumba cha kungojea, amevaa gauni la hospitali lililofungwa kwa nyuma, akinywa maji glasi baada ya glasi kama alivyoagizwa. Sindano alikwisha kuchomwa. Daktari, mwanamke mwenye nywele fupi, alimweleza kwamba dawa ile ina mionzi kidogo, na inatembea mwilini ikitafuta vipokezi, vitu mfano wa makufuli madogo, ambavyo uvimbe wake wa titi ulikuwa navyo tele. Ikivipata inang'ang'ania hapo hapo, na mashine inapiga picha.

"Kipimo cha kawaida kinatumia sukari," alisema daktari. "Uvimbe wako, mama, haupendi sukari."

"Na mume wangu ana duka la jalebi, vitamu vya shira," akasema Kusumlata.

"Basi uvimbe huu hauna adabu. Uliugundua lini?"

Kusumlata akatazama ukuta. Aliugusa mara ya kwanza akiwa bafuni, Diwali ya mwaka juzi, na tangu siku hiyo alikuwa akioga amefumba macho.

"Juzijuzi tu," akasema.

Picha ilionyesha uvimbe kwenye titi la kushoto na tezi chache za kwapani. Kwingine kote hakukuwa na kitu. Daktari akasema wamewahi, apasuliwe wiki inayofuata, na asiwe na wasiwasi na ile dawa, itajifia yenyewe kabla ya jioni.

Haikufa. Jioni umeme ulipokatika mtaani kwao, mjini Indore, mwanga wa kijani ulikuwa ukitoka kwenye titi la kushoto la Kusumlata, umepenya blauzi na sari, na vinukta vyake vinawaka kwapani. Familia ilikula chapati na bamia bila kuwasha mshumaa. Walipomaliza kunawa, Gomti, mama mkwe wake, akasema:

"Sasa jifunike. Watu wa Ratlam wanakuja Jumapili."

Watu wa Ratlam walikuwa wanakuja kumposa Vaidehi, binti pekee wa nyumba hiyo.

"Mama, daktari amesema wiki ijayo," akasema Kusumlata.

"Daktari ana binti wa kuozesha? Wakijua, watasema ugonjwa uko kwenye damu. Nani atamchukua mtoto?"

Kusumlata akamgeukia mumewe. Kishorilal alikuwa anachokoa meno.

"Si amesema mmewahi?" akasema. "Basi, kama mmewahi, muda upo. Harusi ipite kwanza."

Kusumlata hakubisha. Aliona haya, kana kwamba amefumaniwa na mali ya wizi kifuani.

Wakamhamishia stoo ya nyuma, kwenye magunia ya sukari na madebe ya samli. Majirani wakaambiwa amekwenda Ujjain kwa kaka yake. Lakini stoo ilikuwa na dirisha, na mwanga ukawa unamwagika uchochoroni.

"Wifi Kusum!" jirani mmoja akaita dirishani. "Kaka yako wa Ujjain hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Jirani akacheka, akaingiza kichwa na mabega ndani. Mwanga ulipomgusa, titi lake la kulia nalo likawaka, kidogo tu, kama punje ya dengu. Alilitazama. Kisha akavuta ncha ya sari, akalifunika.

"Nilikuja kuomba limau," akasema.

"Limau zimekwisha."

"Haya."

Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kila mmoja na cha kuazima. Waliobaki gizani waliaga haraka. Waliowaka walikwenda nyumbani kutafuta shali. Ulikuwa mwezi wa Mei, joto la kukausha mate, na sokoni wanawake walipita wamejitanda shali za sufu, jasho likiwatiririka. Wanaume waliwasifu kwa heshima zao.

Jumapili wageni wakaja. Manorama, mama wa bwana harusi, aliomba mahali pa kunawa, akakosea, akafunua pazia la stoo. Kifua chake kikawaka chote, kuliko hata cha Kusumlata.

Kusumlata alisikia furaha. Ilikuja kabla hajaizuia, na nyuma yake ikaja aibu iliyomwinamisha kichwa.

"Tangu lini, dada?" akauliza.

"Tangu kijana wangu yuko chuoni."

"Na mzee wako anajua?"

"Nani amwambie?"

"Kuna daktari hapa mjini, mwanamke mwenzetu. Nenda. Hana maneno mengi."

"Wewe umekwenda?"

"Nimekwenda."

Manorama akatazama magunia na madebe. "Ndiyo maana uko stoo," akasema, bila ubaya wowote. "Nisaidie shali."

Vaidehi ndiye aliyeileta. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia muda wote huo. Alimpa mama mkwe wake mtarajiwa akiwa ameinamisha macho, wala hakumtazama mama yake kabisa. Waliporudi sebuleni, Manorama akamuuliza mbele ya wote:

"Na mama yako, mwanangu? Hatumwoni."

"Yuko Ujjain. Kwa mjomba."

"Basi umsalimie," akasema Manorama, akaikaza shali.

Harusi ikapita. Ikafuata ziara ya bibi harusi kurudi kwao, kisha ikaingia miezi ya mvua ambayo kuhani wao alisema haifai kwa kisu cha daktari. Mwanga ulikwisha kuteremka kwenye uti wa mgongo na nyonga. Uchochoro ukang'aa kiasi kwamba watoto walicheza kriketi huko baada ya jua kuzama, na Kishorilal akasema watu wanaanza kuongea.

Akaleta fundi wa kuziba dirisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa matofali, uso ameuelekeza ukutani. Ukuta ulipofika juu, fundi akasita.

"Mwambie mama asogee huku kidogo na mwanga wake, kona hii siioni."

Kishorilal akapangusa vumbi la matofali mikononi. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Kusum, sogea."

Kusumlata akashika kiuno, akasogea, na fundi akaweka tofali la mwisho.