Mlango Uliofungwa Mchana

Ploti yetu iko upande wa nyuma wa mtaa wa Tena, Nairobi, vyumba vya mawe vimezunguka kiwanja cha kuanikia nguo, na ina sheria moja ambayo si ya mwenye ploti. Ukiona mlango umefungwa kwa ndani mchana, bisha hodi. Asipojibu, bisha tena umwite jina. Asipojibu, vunja.

Sheria hiyo tuliachiwa na Ndunge, mama aliyekuwa akiuza mitumba. Julai ya mwaka jana aliingiza jiko la makaa ndani kwa sababu ya baridi, akajifungia, akalala. Siku nzima tulipita mbele ya mlango wake tukisema, huyo amechoka, mwacheni. Tulipouvunja jioni alikuwa ameshakufa kwa hewa ya makaa. Mimi nimeishi Kitale, Juba, Kampala, na Mombasa mara mbili, na sijaona watu wanaobishiana hodi kama sisi tangu siku ile. Ukijifungia kuoga tu, mtu anakuita.

Julai hii baridi ilirudi, na mjukuu wangu Nangila akaniomba niisimamishe sheria hiyo kwa asubuhi moja.

Nangila ni mtoto wa binti yangu. Ananiita kuka, kama watoto wa kwetu Bungoma wanavyowaita babu zao. Alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha plastiki huko Industrial Area, kazi ya kusimama langoni kila asubuhi ukingoja msimamizi akunyooshee kidole. Siku nyingi kidole kilimruka. Ndipo akasikia kuhusu mafunzo ya klaudi kule Komarock, ya wiki chache tu, kutwa nzima darasani, juu ya duka la vyuma. Mwalimu wao, Mureithi, alikuwa kijana mwenye haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alimaliza somo kabla wewe hujafungua kalamu.

Jioni Nangila alinifundisha mimi ili akumbuke. Klaudi, alisema, ni kompyuta za watu wengine zilizowekwa kwenye majumba ya mbali, unakodi nafasi humo kama tunavyokodi vyumba.

"Mwenye jumba analinda kuta na taa," alisema. "Lakini vitu vyako na ufunguo, hiyo ni juu yako. Ukiibiwa kwa sababu uliacha mlango wazi, usimlilie landilodi."

"Na ukifa ndani?"

"Kuka, kwenye mtihani hawaulizi hivyo."

Kampuni moja ilikuwa imemwahidi Mureithi kwamba itamchukua mwanafunzi wake atakayekuwa na cheti kabla ya mwezi kwisha. Mwanafunzi aliyekuwa tayari ni Nangila. Nafasi ya kufanya mtihani waliyolipiwa ilikuwa moja. Akianguka, angoje kundi lijalo, na kundi lijalo halikuwa na tarehe. Vituo vya mtihani huko mjini vilikuwa vimejaa, kwa hivyo angeufanyia nyumbani, kwenye laptopu ya kuazima, huku mtu wa nchi nyingine akimwangalia kupitia kamera.

Masharti aliyonisomea yalinitia ubaridi. Awe peke yake chumbani. Mlango ufungwe. Asiongee. Asiinuke kitini. Uso wake usitoke kwenye kamera. Mtu yeyote akiingia, mtihani umekwisha.

"Hata mtu akibisha usijibu?"

"Hata wewe, kuka."

Nimewahi kulala rumande za nchi tatu. Huko angalau ukiita askari, anakuja kukutukana.

Asubuhi ya mtihani niliwasha jiko kiwanjani kama kawaida. Makaa yalipokuwa mekundu bila moshi nikaliingiza ndani, Nangila apashe vidole moto akipitia karatasi zake. Dirishani alikuwa ameshindilia blanketi, kwa sababu Andati, fundi wa kuchomelea mageti, ana karakana nyuma ya ukuta wetu, na grenda yake hulia kama nguruwe anayechinjwa.

"Nenda uwaambie watu sasa," Nangila alisema. "Uwaambie vizuri, wasije wakabisha."

Nikaenda mlango kwa mlango. Andati aliahidi kuzima mashine. Bwire, ambaye hubeba magunia sokoni na hawezi kuongea polepole, alinitazama kwa jicho moja.

"Mzee, unataka tuone mlango umefungwa tunyamaze? Wewe ndiye uliyetushikia shoka siku ya Ndunge."

"Ni asubuhi moja tu. Mimi nitakaa pale nje."

"Haya. Lakini hiyo exam yenu iko na roho mbaya."

Mama Tiffany, jirani wetu wa pembeni, alikuwa akifua. Aliweka kidole mdomoni na kuwafokea watoto kwa mikono tu. Ploti ikanyamaza. Nilipenda ule ukimya mpaka nilipokumbuka mahali nilipousikia mara ya mwisho.

Niliporudi komeo lilikuwa limeshafungwa. Nikaketi kwenye mtungi wa plastiki wa maji nje ya mlango. Nilisikia Nangila akiambiwa jambo na sauti ya kiume, Kiingereza cha puani, kisha meza ikiburutwa, kisha kimya. Halafu mausi. Tik. Kimya. Tik. Kila tik ilikuwa swali moja limejibiwa. Nilikaa pale nikiisikiliza, nikaona kwamba sijawahi kumlinda mtu hivi, na labda kazi hii ndiyo iliyonirudisha Nairobi.

Sijui muda gani ulipita. Andati aliwasha grenda kidogo, Bwire akamzomea juu ya ukuta, ikazimwa. Ilipozimwa nilitega sikio tena. Tik. Kisha kimya kirefu. Nikasema moyoni, hilo ni gumu, anafikiri.

Mama Tiffany akanijia kwa ncha za vidole, sufuria ya maharage mkononi.

"Mzee," alinong'ona, "niazime jiko lako. Langu limepasuka."

Nikainua mkono kumwonyesha pembeni ya mlango, mahali ambapo jiko letu hukaa kila siku likishatumika. Hapakuwa na kitu. Duara la majivu tu kwenye saruji.

"Ulilitoa?" aliniuliza.

"Nilidhani yeye ndiye alilitoa."

Yeye alidhani ni mimi nitakayelitoa. Nililijua jambo hilo papo hapo, kama mtu aliyeambiwa. Yule bwana wa kwenye kamera alipomwamuru aonyeshe chumba chote, alilisukuma nyuma ya pazia la kitanda lisionekane, makaa yakiwa yamevaa majivu kama yaliyokufa. Kisha akaketi. Na akishaketi haruhusiwi kuinuka.

Nikaweka sikio kwenye mbao. Mausi haikulia. Sauti ya yule bwana ndiyo iliyokuwa ikiongea, taratibu, haina hasira. Kiingereza changu ni cha kuokota njiani, lakini alichosema nilikielewa. Uso wako tafadhali. Rudisha uso wako kwenye kamera. Ananyamaza. Kisha tena, vilevile. Uso wako tafadhali.

Bwire alikuwa ameshasimama nyuma yangu.

"Bisha, mzee."

"Nikibisha na yuko sawa, nimemuua."

"Nimwite mimi?"

"Ngoja."

Nilingoja. Nalisema hili kama lilivyo. Niliuona ule mkono wa msimamizi wa kiwanda ukimruka Nangila, kila asubuhi, mpaka azeeke, na nikangoja mausi ilie mara moja tu. Badala yake nikasikia: Uso wako tafadhali. Hili ni onyo la mwisho.

"Nangila!" Nikagonga kwa ngumi zote mbili. "Nangila, mama!"

Bwire hakungoja nihesabu. Aliupiga mlango kwa bega, komeo likang'oka na vipande vya fremu.

Joto la humo lilikuwa zito, halina harufu. Nangila alikuwa amelala juu ya meza, shavu kwenye mkono, mdomo wazi, uso mwekundu kama wa mtu aliyelewa. Bwire alimbeba kama gunia. Mama Tiffany alishatandaza mashuka yake mabichi kwenye saruji, akamlaza hapo, akampepea kwa sinia akimwita Yesu na kumtukana Andati, ambaye hakuwa na kosa lolote. Mimi nilibaki ndani nikilivuta jiko. Kwenye kioo cha laptopu niliuona uso wangu kwenye kijidirisha kidogo.

"Mtu mwingine atoke chumbani tafadhali," ile sauti ilisema.

"Ulikuwa unamwona?" nilimuuliza kwa Kiswahili. "Wakati wote huo ulikuwa unamwona?"

Kioo kikageuka cheupe.

Nangila alitapika, akalia kichwa, akanywa maziwa ya Mama Tiffany. Kliniki ya karibu walimwekea hewa ya oksijeni mpaka jioni. Alipoweza kusema, alisema, "Nilikuwa nimebakisha machache. Nani aliingia?"

"Mimi."

Akageukia ukutani.

Mureithi alimsaidia kuandika rufaa. Aliwaambia watazame picha za kamera, wataona wenyewe. Walizitazama. Wakajibu kwamba mtahiniwa alitoa uso wake kwenye kamera, na baadaye watu wawili waliingia chumbani. Basi. Hakuna neno moja juu ya jiko. Ile kampuni ilimchukua mtu kutoka darasa lingine.

Sasa amerudi langoni pa kiwanda. Anaporudi jioni anasoma, na hana maneno mengi na mimi. Juzi Mureithi alimpigia simu, kundi jipya limepata tarehe, na nafasi ya mtihani ameombewa tena. Ni nyumbani tena. Nangila alinunua komeo jipya, la chuma, nene kama kidole gumba. Andati alilifunga bila kutuangalia.

"Siku hiyo uende mbali, kuka," Nangila aliniambia. "Nenda Mukuru kwa rafiki zako. Urudi jioni."

"Na jiko?"

"Sitawasha jiko. Niahidi tu hutakuwa mlangoni."

Nilimwahidi. Jana, akiwa kazini, niliazima bisibisi kwa Andati. Skrubu za lile komeo bado ziko mahali pake, ukizitazama huwezi kujua. Lakini mtoto mdogo akiusukuma mlango, litang'oka.