Mahali Ninaposimama

Kaka yangu ana ubishi wa kuzaliwa nao, ila safari hii alikuwa na ushahidi. Baba alitoka kwa kinyozi, hapo tu nyuma ya kona, akaokotwa na polisi upande wa pili wa mji. Ndevu zimenyolewa vizuri, nyumbani kwake hapajui.

"Nakuja kumchukua," kaka akaniambia kwenye simu. "Kwangu kuna ukuta na geti la kufuli. Hatoki mtu."

"Baba si mbuzi."

"Basi endelea kumtafuta vituoni."

Nilichemka, maana mimi mbaya wetu nilishamjua. Ngozi ya Baba inamwasha, na kwa miaka mingi amemeza vidonge vya mzio, vile vya zamani vinavyoleta usingizi. Na hiyo ndiyo kazi yangu. Maabarani tunawapa panya dawa ileile, kisha tunawatia kwenye beseni kubwa la maji tuliyoyafanya meupe, watafute kijukwaa kilichofichwa chini ya maji. Histamini, kemikali ya mwilini inayokuwasha ngozi, ndiyo hiyohiyo inayouweka ubongo macho. Dawa ikiizuia, muwasho unatulia, na akili nayo inasinzia. Panya wetu walizunguka ovyo. Tulipowaachisha dawa, baada ya muda wakawa wanakwenda moja kwa moja kwenye kijukwaa. Nilifurahi mno, na si kwa ajili ya panya.

Daktari wa Baba alikubali shingo upande tuviache vidonge, akatupa mafuta ya kupaka. Baba akajikuna hadi shati likaingia damu.

"Nimekukosea nini, mwanangu?" aliniuliza. Nilimpaka mafuta mgongoni huku nalia, nikishukuru kwamba hanioni.

Kaka alipokuja tulikubaliana: Baba atoke kwa kinyozi peke yake, kaka amfuate kwa mbali, mimi nisubiri getini. Akifika, anabaki kwake. Akipotea, anaondoka na kaka.

Baba akakunja kona na fimbo yake, akaniona, akaja bila kusita.

"Mbona umesimama kama askari?" akanitania.

Kaka, ambaye hata timu yake ikifungwa hakubali, akainua mikono. "Haya dada, umenishinda." Akarudi kwake peke yake, nami nikaringa wiki nzima, nikimsubiri Baba getini kila akitoka.

Kisha profesa wetu akaja kutazama kazi. Ni mama asiye na maneno mengi. Alikaa kwenye kiti, akanitazama mimi badala ya panya.

"Kila siku unasimama hapo?"

"Taulo ziko hapa. Wakifika nawatoa, nawafuta."

Kijukwaa kilikuwa mbele yangu, karibu na ukingo wa upande huo. Akanihamishia upande wa pili, kusiko na kitu, akamwachia panya majini. Panya akageuka, akanifuata. Akakwaruza ukuta wa beseni mbele yangu, anataka kutolewa.

"Kijukwaa hawakijui," profesa akasema. "Wanakufuata wewe. Tunaanza upya."

Ningepaswa kuumia kwa ajili ya kazi yote ile. Mimi niliwaza geti tu. Nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Mtaani kwetu nilimkuta Baba kwa kinyozi, anapiga soga. Sikumwita. Nilivuka barabara nikaingia kwa fundi cherehani anayetazamana na geti letu, nikajificha nyuma ya magauni ya wateja. Baba akatokea kwenye kona. Akalitazama geti la buluu, alilolipaka rangi kwa mikono yake mwenyewe, akalipita. Akarudi. Akalipita tena, halafu akasimama katikati ya njia, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

Fundi, asiyejua lolote, akampigia kelele: "Mzee, mbona unarandaranda? Si umeshafika?"

"Bado," Baba akajibu kwa adabu zake zote. "Namsubiri binti yangu. Huwa anasimama nje. Nikimwona yeye ndipo najua nyumba ni ipi."

Nilibaki nimeshika gauni la mtu. Nilitamani fundi asingeuliza. Kisha nikatoka, nikavuka, nikasimama palepale getini. Uso wa Baba ukakunjuka, akaja moja kwa moja.

"Umeona?" akaniambia. "Nimefika mwenyewe."

"Nimeona, Baba."

Nikampokea fimbo, nikamwingiza ndani, nikampigia kaka.