Pacha wa Rachelle

Élysée alikuwa mpiga picha za harusi mjini Bujumbura, lakini nyumbani kwake hapakuwa na picha hata moja ya mama yake. Mama huyo, Rachelle, alivuka ziwa kutoka Baraka, Kongo, akikimbia vita, akiwa na Élysée mgongoni na kikapu kichwani, na picha zote zikabaki ng'ambo. Alifariki Rumonge wakati Élysée ana miaka tisa. Sasa Élysée alikuwa na miaka arobaini, na uso wa mama ulikuwa ukimtoka kidogo kidogo. Alikumbuka mikono na harufu ya mawese kwenye kitenge. Uso, hapana.

Ndipo Bi Hindu, mwenye duka la nguo Rumonge aliyemjua Rachelle enzi zile, akampigia simu.

"Kuna mama ametoka Baraka, anaitwa Généreuse. Anasema alikuwa na pacha, Rachelle, aliyezikwa huku. Alhamisi atapita kuchukua vitenge, na saa tano boti yake inarudi."

Élysée hakujua kama mama yake mdogo bado yuko hai. Kwa miaka yote ya vita kila upande ulidhani mwenzake amekufa.

Alifika Rumonge Jumatano jioni. Mwezi uliotangulia, kwenye harusi ya Nyanza-Lac, kamera yake ilizimika kwa joto mbele ya bibi harusi, na safari hii hakutaka kubahatisha. Alichukua chumba chenye klima ya kupoza hewa, akaiweka kamera juu ya meza, mahali upepo wa baridi ulipopiga, akalala ameridhika.

Asubuhi, saa tatu na nusu, aliingia dukani. Généreuse alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu. Alipomwona alisimama, akamshika mashavu kwa mikono miwili. Élysée alitazama uso ule, akitafuta ndani yake uso wa mama yake.

"Mama mudogo, niruhusu nikupige picha kwanza," alisema. "Halafu tutaongea."

Alitoa kamera kwenye mfuko. Papo hapo lenzi ikafunikwa na ukungu. Aliipangusa kwa kitambaa, ikafunikwa tena. Alipoielekeza dirishani aliona unyevu umeingia hadi ndani ya kioo.

"Imelala kwenye baridi?" Bi Hindu aliuliza.

"Kwenye klima, usiku mzima."

"Basi iache. Marehemu mume wangu aliuza kamera huku Rumonge. Alikuwa akisema, kabla ya kuitoa kwenye baridi uifunge ndani ya mfuko wa plastiki mpaka izoee joto. Sasa imeshalowa. Usifungue kitu, usipanguse. Ngoja tu."

"Boti inaondoka saa tano."

"Hata ukiiharakisha kamera, haitasikia."

Wakangoja. Élysée aliiweka kamera mapajani, kila mara akiichungulia. Généreuse akaanza kusimulia: jinsi Rachelle alivyoogopa kuku, jinsi alivyoimba kwa sauti nene kanisani hadi watoto wakacheka. Élysée alisikia nusu tu, macho yake yako kwenye lenzi.

Saa nne na robo kioo kilikuwa safi. Alimtoa Généreuse nje kwenye mwanga, akapiga picha tatu. Kisha akataka sauti pia, akaanza kurekodi video.

"Sema tena habari ya kuku, mama."

Jua lilikuwa kali na kamera ilikuwa nyeusi. Kabla kuku hajafika kwenye hadithi, alama ndogo ya joto ikawaka, na kamera ikazimika. Hakuweza kuiwasha tena.

"Imekufa?" Généreuse aliuliza.

"Imechoka na jua."

"Iweke chini basi. Umekuja kuniangalia mimi ao kuangalia kile kioo?"

Akaiweka. Walikaa kivulini dukani mpaka saa tano kasoro, Élysée akiwa ameushika mkono wa Généreuse. Alimuuliza yote aliyoyasikia nusu. Walipofika ufukweni, Généreuse alimwambia taratibu, "Mutoto wangu, tulifanana tukiwa wadogo. Tukiwa wakubwa watu walitutofautisha. Yeye alikuwa mwembamba, na kovu hapa kwenye nyusi. Usinitazame sana ukadhani umemupata."

"Ninajua, mama."

Hakujua. Boti iliposukumwa alisimama majini hadi magotini, akaitazama ikielekea milima ya Kongo, na akamlilia Rachelle kwa mara ya kwanza tangu utotoni.

Aliporudi Bujumbura na kufungua picha, mbili zilikuwa na macho yaliyofumbwa. Ya tatu ilikuwa nzuri. Aliichapa mara mbili, moja akampa msafiri wa Baraka ampelekee Généreuse, nyingine akaitundika sebuleni. Wageni wanauliza kama huyo ndiye mama yake.

"Hapana," anawajibu. "Ni mama mudogo Généreuse. Mama yangu alikuwa mwembamba, na kovu kwenye nyusi."