Funda la Maji Kabla ya Mawindo

Gari lilikuwa limeshatoka mtaani kwetu Schaerbeek, bunduki iko kwenye sanduku lake nyuma, Papa Karel amekaa mbele na Mbombo wa teksi, mimi nyuma na Annemie, binti wa Karel. Tulikuwa tunakwenda Zaventem kupanda ndege, halafu nyingine, mpaka Tajikistani, kwenye milima mirefu mikavu isiyo na mti, kuwinda mbuzi wa mwitu mwenye pembe kama panga mbili.

Mzee alikuwa karibu na themanini na mapafu yake yamechakaa. Mimi ndiye niliyekuwa namhudumia nyumbani.

"Zuberi," alikuwa akiniambia, "sitaki kufia kwa kiti ya magurudumu kule Laeken, kwa nyumba ya wazee. Minataka kufa na bunduki mukononi."

Basi tukapanga. Mwaka mzima ramani ilikaa kwenye meza ya jikoni, tunakula juu yake. Hapa farasi wataishia, pale tutatambaa kwa tumbo. Asubuhi upepo unashuka bondeni, mchana unapanda, donc, basi, mchana mbuzi tumwendee kutoka juu, asitunuse. Hewa ya kule ni nyepesi, unavuta na hushibi. Kwa hiyo akawa anapanda ngazi za nyumba na gunia la viazi mgongoni, akifika juu midomo imekuwa ya buluu. Nimetembea sana, Kigoma, Lubumbashi, Lusaka, Marseille, na sijaona mtu mwenye haraka namna ile ya kwenda kukosa pumzi. Lakini na mimi nilitaka kuiona hiyo milima.

Annemie alizaliwa Bukavu. Mama yake alifia huko na kuzikwa huko, baba yuko porini anafuata nyati. Jambo hilo hawakuligusa kamwe. Kila Jumapili alikuja kumpikia baba supu.

Sasa, wawindaji waliomfundisha mzee walikuwa na desturi yao. Kabla ya safari, kila mtu wa nyumba anasema kinyongo chake, anapiga funda la maji, anatema. Ukitema, umeachilia. Ukimeza, kinyongo kinakwenda na wawindaji, na kinamwangukia yule anayetembea nyuma ya mkubwa wao. Annemie aliijua desturi hiyo tangu utoto.

"Mbombo, simama," mzee akasema, akatoa chupa.

"Tonton, hapa hapatemwi! Nimeosha gari asubuhi."

"Fungua mulango basi, kelele ya nini?"

Akasema kinyongo chake ni uzee, akatema barabarani. Mimi nikasema changu ni vile viazi, vilioza mgongoni mwake na bado akanilisha. Nikatema. Mbombo akacheka mpaka akakohoa.

Annemie akashika chupa.

"Maman alikuita mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa mtoto. Nilimwambia unakuja."

"Najua."

"Hujui, papa. Hukuwepo."

Akapiga funda. Tukangoja. Koo lake likapanda, likashuka.

"Annemie, kunywa ingine. Tema."

"Siwezi, papa. Nimejaribu."

Nikamwambia mzee mimi ni Mwislamu, siku yangu anaijua Mungu, maji ni maji, twende, ndege itatuacha. Akageuka akanitazama.

"Ile mara ya nyati, muntu aliyekufa ni yule alinifuata nyuma. Miye nilirudi muzima. Na kule mulimani mwenye kunifuata nyuma ni weye." Akafunga chupa. "Bon. Mbombo, geuza gari."

Papa Karel alikufa Laeken, Februari iliyofuata, kwenye kiti cha magurudumu, dirisha linatazama maegesho ya magari. Annemie alikuwepo, amemshika mkono. Aliuza nyumba, akahamia Ostende, pwani. Bunduki aliipeleka polisi. Mbombo aliacha teksi, macho yamemharibikia. Mimi nina chumba Saint-Gilles, karibu na stesheni ya Gare du Midi, treni nazisikia. Ramani ninayo, ina mafuta ya supu. Magoti yamekataa ngazi, sitoki tena.