Mstari wa Anselme

Nilimwoa Solange miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu hapo nimepogoa mizabibu yote ya shamba letu isipokuwa mstari mmoja. Ni ule wa juu kabisa, karibu na ukuta wa mawe, wa mizabibu kuukuu ya aina ya Chardonnay, iliyopandwa na Anselme, marehemu mume wake wa kwanza. Mji mzima wa Chablis huuita mstari wa Anselme. Divai yake hukaa kwenye pipa la peke yake, na Solange huliandika herufi A kwa chaki. Mimi naitwa Lucien. Hakuna pipa lenye herufi L.

Nilitoka kwenye karakana ya reli ya Migennes. Habari za mizabibu nilijisomea ukubwani, jioni baada ya kazi, na ni mimi niliyeshauri tuache dawa za viwandani, tuingie kilimo hai. Nilidhani hilo lingenipa jina.

Jumamosi moja ya Februari jirani yetu Régis alikuja kuonja. Alizungusha glasi, akanusa, akafumba macho.

"Huyu hapa Anselme," akasema. "Ile chumvichumvi yake."

"Miaka yote hii chumvi haijaisha?"

"Usinune, Bwana Reli. Pipa lako ni lipi, nionje?"

"Yote mengine."

"Ahaa. Yale ya kumwagia kwenye supu."

Solange akacheka. Kidogo tu, lakini alicheka.

Kesho yake alipakia chupa garini akaenda sokoni. Nilichukua mkasi na msumeno, nikapanda hadi kwenye ule mstari. Kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Mashina yalikuwa yamepinda vibaya, na kila palipopinda niliona mkono wa yule mtu. Nilianza kukata. Kila tawi nene nililodhani ni kazi yake nililiondoa, tena karibu kabisa na shina, jeraha likabaki bapa na jeupe kama sahani. Nilijua haikatwi hivyo. Huachwa kisiki kifupi ili ukavu usiingie moyoni mwa shina. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Nilikata mashina saba.

Sikusikia gari likirudi.

"Lucien."

"Naam."

"Umekula?"

"Sina njaa."

Aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya jeraha. Nilingoja anifokee.

"Umekata kama yeye," akasema.

Alichukua msumeno wangu, akakata kipande cha gogo kavu chini ya shina la nane, akanipa. Ndani kilikuwa cheusi, kinavunjika kama mkate uliokauka.

"Hiyo ni kazi ya Anselme. Alikuwa na haraka siku zote. Nusu ya mstari ilikufa kabla yeye hajafa. Hii iliyobaki nimeilea upya kwa machipukizi yanayoota chini ya shina, moja moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungecheka. Halafu ungemwambia Régis."

Ningemwambia. Siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana.

Nilitakiwa kufurahi. Fundi aliyenikosesha raha miaka kumi na tisa hakuwa fundi. Lakini iliniuma kuliko chumvi ya Régis. Mimi nikiunguza mkate, Solange anawasimulia wateja mpaka wanashika mbavu. Makosa ya Anselme ameyafunika peke yake, magoti kwenye matope, kila mwaka, na sifa akamwachia.

Trekta likasikika likipanda njia. La Régis.

Solange alichota udongo mbichi, akaukandika juu ya jeraha jeupe la shina la kwanza, kisha la pili.

"Piga magoti, mzee wangu. Yule ana macho."

Nikapiga magoti. Régis akapunguza mwendo.

"Mmepoteza nini hapo?"

"Pete yangu," akasema Solange.

"Ya kwanza au ya pili?"

"Endesha trekta lako, Régis."

Akaenda zake akicheka. Mikono yetu ilikuwa imekufa ganzi. Solange hakuacha kukandika, wala hakuniangalia.

"Majeraha ya Anselme ulipaka mangapi?" nikauliza.

"Sikuhesabu."

"Zaidi ya saba?"

"Lucien," akasema, "hili hapa bado jeupe."